Koti la Mwinjilisti Erasto

Salome alikuwa akigeuza maandazi kwenye karai aliposikia maisha yake yakisimuliwa kwenye spika, na msimuliaji si yeye.

"Mimi ndiye niliyemwosha," sauti ya Dorkasi ilisema kutoka penye kaburi la mkwe wao, upande wa pili wa ua. "Miaka mitatu mzee wetu hakuinuka kitandani. Nilimgeuza ubavu huu, nikamgeuza ubavu huu, asipate vidonda. Uji wa ulezi nilimnywesha kwa kijiko, kama mtoto mchanga. Mashuka yake nilifua kwa mikono hii mnayoiona."

"Bwana asifiwe," wageni wakaitikia.

"Na kinyaa sikuona."

Maandazi yakaungua upande mmoja. Salome akayatoa, akayapanga kwenye sinia yale mabaya chini na mazuri juu, akaweka mengine. Alingoja asikie Dorkasi amalizie vipi. Kwenye spika kikaja kikohozi, kisha wimbo.

Marehemu Erasto alikuwa mwinjilisti hapa Kerenge. Alitembea kwa miguu mpaka Magoma na vijiji vya mlimani kuombea wagonjwa, na mtu akipona hakuchukua hata yai. Alipokufa walimzika nyumbani kama ilivyo desturi, katika sehemu ya mwanawe mkubwa. Huyo mwana mkubwa alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo kaburi lilibaki uani kwa mjane wake, Dorkasi. Salome alikuwa mke wa mwana mdogo, Yordani. Nyumba zao ziliangaliana, katikati yake michongoma tu.

Mwaka mmoja baadaye mama mmoja anayeuza machungwa pale Segera, aliyekuwa na mguu uliovimba, alikuja kukaa kaburini akilia. Dorkasi alimhurumia, akamkatia kipande cha koti la marehemu afunge mguuni. Mguu ukanywea. Mama yule alirudi Segera, na Segera magari yote yanasimama. Habari ikapanda magari ya Tanga, ikapanda ya Arusha. Tangu hapo kila Jumamosi bodaboda zinashusha watu kwa Dorkasi. Vipande vya koti hufungwa kwa uzi mweupe, udongo wa kaburini hutiwa kwenye mifuko midogo, na mafuta ya nazi huombewa papo hapo.

"Koti la mtumishi haliuzwi," Dorkasi husema kila Jumamosi. "Kinachotolewa ni sadaka." Lakini mtu akitoa sadaka chini ya elfu tano, huambiwa vipande vimekwisha, achukue udongo.

Yordani akaingia jikoni kuchukua sinia. Siku za Jumamosi yeye ndiye anapanga mabenchi, anachota maji na kuwaonyesha wageni njia ya choo. Jioni Dorkasi humpa chochote.

"Umesikia?" Salome akamwuliza.

"Nini?"

"Anachosema shemeji yako mama Asnath kwenye spika."

"Si anasema kila wiki?"

"Wiki zote anasema habari za maombi. Leo kasema yeye ndiye alimwosha baba."

Yordani akafunua kitambaa, akaangalia maandazi. "Maneno tu, mama Upendo. Wageni wanapenda kusikia."

"Miaka mitatu ile yeye alikuwa wapi?"

"Korogwe mjini, anauza mitumba."

"Basi kamwambie aseme hivyo."

"Yule ni mjane," Yordani akasema. "Mjane akipata pa kushika, umwachie." Akanyanyua sinia. "Haya ya chini yameungua."

"Wape hivyo hivyo. Waambie aliyeyakaanga naye hakuona kinyaa."

Jioni Salome akaenda kuchukua hela ya maandazi. Dorkasi alikuwa amekaa kibarazani na wageni wawili waliokosa usafiri, kitambaa cheupe kichwani, mkasi mapajani. Alizidi kunawiri, Salome aliona. Hata shingo ilikuwa imejaa.

"Karibu, mdogo wangu," Dorkasi akasema, kisha akawageukia wageni. "Huyu ndiye anatupikia."

"Shikamoo mama," mgeni mmoja, msichana, akamsalimu Salome. "Kumbe unakaa hapa hapa? Una bahati sana. Kuishi karibu na mtu aliyemuuguza mtumishi wa Mungu, hata wewe baraka zinakufikia."

"Zinanifikia," Salome akajibu.

Dorkasi hakumtazama. Alimhesabia hela yake, akapunguza kidogo. "Kulikuwa na yaliyoungua," akasema kwa upole, kama mtu anayemsitiri mwenzake.

Salome akarudi kwake akipita kwenye upenyo wa michongoma. Alijua jambo moja ambalo alikuwa amelitunza kinywani kama kokwa, halitemi wala halimezi. Sasa aliona wakati wake umefika.

*

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya mazishi ya Erasto walikuja watani wa ukoo kutoka Handeni, wakiongozwa na Muhsin, Mzigua mmoja mchoma mkaa. Watani kazi yao msibani inajulikana: kuchimba kaburi, na kuwachekesha waliofiwa wasife na wao. Muhsin alivua koti lake jeusi, akalitundika kwenye msumari sebuleni, akavaa koti jeusi la marehemu. Akatembea uani amepinda mgongo, akahubiri kwa sauti ya Erasto, akaonya watu juu ya pombe huku anayumba. Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka pembeni. Kwa desturi, mtani akivaa nguo ya marehemu lazima akombolewe. Muhsin alitaka kuku. Dorkasi, aliyefika siku hiyo hiyo kutoka mjini, akasema hatoi kuku kwa mpuuzi.

Basi Muhsin akaondoka nalo. Salome alikuwa nyuma ya nyumba anachemsha maji, akamwona akikata njia ya migombani. "Mkitaka koti lenu, mlete kuku Handeni," alimwambia.

Siku ya kuanua tanga nguo ziligawanywa. Dorkasi kama mke wa mwana mkubwa alichagua kwanza, akachukua koti lililokuwa msumarini. Salome aliona, akanyamaza. Wakati ule koti lilikuwa koti tu, na mtu hawezi kugombania mtumba uliochakaa mbele ya ukoo mzima.

*

Jumatatu alimfunga kuku miguu, akamwambia Yordani anakwenda kliniki mjini. Korogwe akapanda gari la Handeni.

Muhsin alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, amejikunyata juani. Alikuwa amekonda. Koti la Erasto lilikuwa mwilini mwake, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mabega yake hayakulijaza.

"Hodi wenyewe."

"Nani huyo?" Muhsin akakinga macho. "Alaa. Chausiku, ficha sufuria, Wasambaa wameingia."

"Ugali wenu nani anautaka?" Salome akasema. "Nimepita kuangalia kama umekufa, nile wali."

"Sijafa. Nakungoja utangulie, mimi nichimbe. Wewe ni mfupi, shimo dogo, sichoki."

Chausiku, mke wa Muhsin, akatoka jikoni anacheka, akampokea Salome mkoba, akampa mkeka. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za mahindi. Ndipo Salome akamtoa kuku kwenye kikapu, akamweka chini.

"Nimeleta kuku."

"Wa nini?"

"Wa kukombolea koti."

Muhsin akamtazama kuku, akamtazama Salome. Chausiku ndiye aliyeanza kucheka.

"Miaka yote hii," Muhsin akasema. "Na huyu ametaga mpaka amechoka. Koti la mwinjilisti hukombolewa kwa jogoo."

"Ulisema kuku. Hukusema jogoo."

"Lina nini hili koti leo?"

Salome akawasimulia. Alieleza habari za mguu wa yule mama wa Segera, bodaboda, spika, sadaka ya elfu tano. Aliposema kwamba koti linalokatwa vipande kule Kerenge ni lile lililoachwa msumarini, Muhsin alitulia kwanza. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Koti langu?"

"Lako."

"Nililochomea mkaa? Linaponya?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Walokole?" Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi kile kilikuwa kirefu. Chausiku akamshika kifua kwa mkono mmoja, mgongo kwa mkono wa pili, akangoja. Ilionekana ni jambo analolifanya kila siku.

Muhsin alipopata pumzi akasema, "Mimi hili la kwenu nalivaa tangu mwaka juzi, na kifua ndiyo hiki. Mwambie shemeji yako aniletee kipande cha langu. Elfu tano natoa."

"Usicheke sana," Chausiku akamwambia.

"Sasa, Msambaa," Muhsin akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Umekuja kulifuata koti, au umemfuata shemeji yako?"

Salome alikuwa akitazama mkono wa Chausiku uliobaki mgongoni mwa mumewe.

Baadaye, wakila jikoni, Chausiku akamwambia, "Mimi ningemwacha. Mtu akijisifia kazi yako, kazi si ulikwisha kuifanya? Mungu aliona."

"Mungu aliona, lakini Kerenge hawakuona," Salome akasema. "Wewe huyu wako anajua nani anamshika mgongo?"

"Anajua. Ananitukana mimi kila siku, hajakosea mlango hata siku moja."

Salome akainamia sahani yake.

Wakati wa kuondoka Muhsin akavua koti. Akatoa mfukoni kopo la ugoro na kiberiti, akamkabidhi. "Lina joto hilo," akasema. "Lifunge vizuri." Alibaki na shati. Chausiku akamwekea kanga mabegani, na Salome, ambaye miaka mitatu alimfunika mzee mwingine namna hiyo hiyo, alikunja koti akaliingiza mkobani, akaaga haraka.

*

Alimkuta Dorkasi peke yake, anachagua maharage. Salome hakusalimu sana. Akaliweka koti juu ya ungo, juu ya maharage.

"Hilo ndilo la baba. Mtani aliondoka nalo siku ya mazishi. Mfuko wa kulia niliushona mimi, uzi mwekundu wa sweta la Upendo. Angalia."

Dorkasi akaugeuza mfuko nje, akaupitisha kidole kwenye uzi. Hakushtuka. Salome alikuwa amengoja mshtuko ule njia nzima kutoka Handeni.

"Najua," Dorkasi akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba la kwangu si lenyewe. Siku niliyolitoa msumarini lilikuwa na ugoro mfukoni. Baba alinusa ugoro lini?"

"Na ukawakatia watu."

"Yule mama wa Segera alipiga magoti hapo ulipo. Ningemwambia ni koti la mchoma mkaa, ndiyo apone?" Dorkasi akalikung'uta koti maharage. "Na akapona. Hapo nawe utasemaje?"

Dorkasi akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati, akalifunua. Ndani mlikuwa na kola na mkono mmoja, basi.

"Limebaki hilo. Jumamosi mbili, tatu nikikata vidogo. Nilikuwa nimeanza kwenda mnadani kutafuta jeusi jingine." Akafunga sanduku. "Niuzie hili, mdogo wangu. Au tusiuziane. Tugawane, nusu kwa nusu, kila Jumamosi. Na maandazi uache, tutatafuta mtu."

Ilikuwa hela nyingi kuliko ile ambayo nyumba ya Yordani ilipata kwa mahindi. Dorkasi alijua, na Salome alijua kwamba anajua.

"Sitaki nusu," Salome akasema. "Nataka useme kwenye spika nani alimwosha."

"Hilo hapana."

"Neno moja tu."

"Nikilisema hilo wataniuliza na mengine. Mtu akianza kuchomoa uzi, nguo haibaki." Akavuta ungo karibu. "Hela nitakupa, hata zaidi ya nusu. Hilo neno sitalisema."

"Uliniibia."

"Niliazima. Sifa hiyo ulikuwa huitumii."

Salome akanyanyua koti aondoke. Dorkasi akasema bila kuinua macho, "Unadhani mimi sikuonei wivu wewe? Unapika, mtu anakuja kula. Mtu anakukasirikia. Mimi nina makaburi mawili uani, la mume halina hata mgeni mmoja."

"Hata huyo mtu wangu umemwajiri."

Dorkasi akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kuku wa jirani wakaja kudonoa maharage yaliyomwagika, hakuna aliyewafukuza.

"Basi fanya hivi," Dorkasi akasema. "Jumamosi njoo ukae pale mbele, ubavuni kwangu. Vaa kitambaa cheupe. Sitasema ni wewe, sitasema si wewe. Wakiuliza, ujibu."

Salome akafikiri. Akaliacha koti.

*

Jumamosi ile walikuja wengi, maana mvua ilikuwa imekatika na barabara inapitika. Maandazi yalinunuliwa dukani. Yordani, akipanga mabenchi, alimwona mkewe amekaa mbele na kitambaa cheupe, akataka kumwuliza jambo, akaona aendelee na mabenchi.

Dorkasi alilinyanyua koti watu walione. Alisema hili lilikuwa limehifadhiwa mbali, Mungu amelirudisha kwa wakati wake, na hilo kweli halikuwa uongo. Akaingia katika habari za kumuuguza mzee: ubavu huu, ubavu huu, uji, mashuka. Salome alikaa ameweka mikono mapajani. Aligundua kwamba kukaa karibu hakukumpunguzia kitu. Pale jikoni alisikia kwa masikio tu. Hapa aliwaona wageni wakiitazama mikono ya Dorkasi kwa macho ya kupenda.

Akasimama bibi mmoja, jina lake Ritha, ametoka Magoma. Alitembelea mkongojo.

"Naomba kuuliza," akasema. "Nina mzee wangu yuko kitandani mwaka wa pili. Namfanyia yote hayo unayoyasema. Hasemi kitu. Ananitazama tu, sijui kama ananijua. Sasa wewe mwenzangu uliyeuguza, niambie. Huyu mtumishi siku anakata roho, alikuambia nini?"

Dorkasi akafungua kinywa karibu na spika. Kikatoka kishindo cha pumzi, neno halikutoka. Siku ile yeye alikuwa mjini, mezani kwake kwa mitumba, na alipigiwa simu saa nne. Akatazama ardhi ya kaburi, akatazama koti. Mwisho akamgeukia Salome, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu waolewe katika boma moja, yalikuwa yanaomba.

Chumbani mle asubuhi ile alikuwepo Salome peke yake. Yordani alikuwa shamba. Mzee alikuwa ametoka kuoshwa, amefunikwa shuka safi, macho yake hayaoni tena. Alimtafuta mkono Salome, akaupata, akaushika kwa nguvu ambayo hakuitarajia kwa mtu mwepesi vile. Akasema kwa sauti iliyonyooka kabisa, "Ahsante, Dorkasi. Hukuniacha." Salome akamwambia, "Baba, ni mimi." Mzee akasema tena, "Ahsante, Dorkasi," na baada ya hapo hakusema.

Hakuna aliyeambiwa, hata Yordani. Salome alilifua lile shuka siku ile ile, msiba ukiwa haujajaa, akalifua mara ya pili.

Sasa akasimama. Dorkasi akampa kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake chombo cha moto.

"Mimi nilikuwepo," Salome akasema. Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye spika, kubwa, si ya kwake. "Alinishika mkono. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini alinijua kwa mkono."

"Alisemaje?" Bibi Ritha akauliza.

"Alisema, 'Ahsante, Salome. Hukuniacha.'"

"Salome ndiye nani?"

"Ndiye mimi."

Bibi Ritha akakaa polepole, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi huwa wanajua," akasema kwa wale waliokaa naye. "Mtu anakutazama tu, kumbe anajua." Wanawake wakaanza kusogea mbele. Mmoja akamgusa Salome mkono wa kulia, kisha akajigusa paji la uso, na mwingine akafanya vile vile.

Yordani alikuwa amesimama nyuma na ndoo. Alimtazama mkewe kwa namna mpya, nusu fahari, nusu swali kwa nini hakuwahi kuambiwa.

Dorkasi alimtazama pia. Yeye pekee pale ndiye aliyezoea kupokea kitu mkononi na kukipima, na alilipima neno lile la Salome kwa muda. Akalikunjua koti juu ya meza, upande wa bitana juu, akasogea kwenye benchi nafasi ikatosha watu wawili, akamsogezea Salome mkasi.